Mkanda Uliopimwa Agosti: Kumuaga Verlyn Haugstad

Kuna sauti moja ambayo imekataa kunitoka masikioni: mkanda wa bunduki ukiteleza begani juu ya koti. Ni sauti ndogo, kama karatasi inayovutwa kutoka chini ya kitabu. Niliisikia mwezi uliopita, hapa hapa dukani, na nimeuandika wasifu huu mara nne nikijaribu kuuanza na jambo jingine.

Ijumaa, tarehe 13 Desemba, Verlyn Haugstad atastaafu baada ya miaka arobaini na mmoja ya utumishi katika duka la Brandvold, Kettle Fork. Miaka thelathini na saba kati ya hiyo ameimaliza kwenye meza ile ile ya kazi za ngozi iliyo nyuma ya viatu, akiwachagulia watu mikanda ya bunduki zao za kuwindia. Meneja wetu, Bi Corinne Brandvold, aliniomba niandike mimi kwa kuwa nimekaa na Mzee mezani hapo kwa miezi kumi na sita. Tangu Septemba ananidai pia jibu: kabla ya siku ya mwisho ya Mzee, nimwambie kama meza nitaichukua. Nikikataa, itaondolewa, na mikanda itatundikwa ukutani ndani ya vipakiti, kila mteja ajichukulie wake. Naliweka hili wazi mapema kwa sababu sikuweza kuandika juu ya Mzee bila kulifikiria.

Alikuja dukani akiwa na miaka ishirini na minne, kupakia magunia ya chakula cha ng'ombe. Fundi wa matandiko ya farasi aliyekuwa mezani aliumia mkono, na Haugstad akaombwa amshikie sindano kwa wiki mbili. Hakuna aliyekumbuka kumrudisha stoo. Yeye husema hata yeye hakukumbuka.

Watu wengi hudhani mkanda ni mkanda. Nilidhani hivyo pia. Nilikuja hapa na shahada ya takwimu, na katika wiki yangu ya kwanza nilichora jedwali: uzito wa bunduki, upana wa mabega, umri, aina ya ardhi, mkanda uliochaguliwa. Niliamini kwamba nikijaza mistari mia mbili kanuni yake itajitokeza yenyewe. Nimejaza mia tatu na kumi na miwili. Mfugaji mwenye mabega kama mlango wa ghala alipewa mkanda mwembamba kuliko yote tuliyonayo. Mwalimu mmoja mwenye bunduki nyepesi kama ufagio alipewa mpana. Alasiri hiyo hiyo akaja mwalimu mwenzake, kimo kile kile, bunduki ya aina ile ile, na Mzee akamwambia asinunue mkanda kabisa, aishike mkononi. Nilipouliza sababu, alisema yule bwana ni mtu wa kusahau, akishatundika kitu begani hakifikirii tena. Alikuwa amemfahamu kwa dakika sita.

Sikujua hilo niliandike kwenye safu gani. Mpaka leo sijui.

Kila mfanyakazi wa duka hili anaujua uzio wa Mzee: nguzo mbili na nyaya tatu za seng'enge, umesimama kati ya viatu na kofia. Mteja hupewa bunduki ya mbao ambayo Mzee aliichonga na kuijaza vipande vya risasi, vile vizito vya kuzamishia ndoano, ili uzito uwe sawa. Anapaswa kuivua begani, kuilaza chini, kuipitisha chini ya waya, kuruka, kisha kuivaa tena. Anayeruka akiwa nayo begani hutumwa kunywa kahawa, arudi baadaye akiwa na akili. Mkurugenzi wa benki yetu alikunywa vikombe vitatu, na katika jaribio la nne akaacha kipande cha suruali kwenye waya. Mzee hakukitoa. Alipoulizwa na mke wa mkurugenzi kitambaa kile ni cha nini, alimjibu kwa adabu kwamba ni amana ya mteja.

Sharti lake la pili ni koti. Mteja lazima aje na koti atakalowindia, viatu vyake na mkoba wake wa mgongoni, hata kama ni katikati ya kiangazi. Nililijua sharti hilo. Nililisikia kila siku. Hapa ndipo ninapolazimika kujitaja, ingawa siku hii ni ya mtu mwingine.

Mwezi wa Agosti Mzee alikwenda Spokane kwa binti yake kwa wiki mbili, na meza ikawa mikononi mwangu. Joto lilikuwa kali, na wateja walinicheka nilipotaja makoti. Mmoja wao alikuwa Nadine Pruett, dereva wa basi la shule, ambaye wengi wenu mnamfahamu. Nadine alikuwa ameshinda kibali cha kuwinda kondoo-mwitu dume kwenye bahati nasibu ya jimbo, baada ya kuomba kwa miaka kumi na minane. Kwa watu wengi wa hapa kibali hicho hakiji kamwe. Aliniambia, "Koti na joto hili, mwanangu? Unataka kunichemsha?" Nikacheka, nikampima akiwa na shati la mikono mifupi. Jedwali langu lilisema mkanda mpana wenye mpira laini chini yake. Alilipa, akanishukuru. Wiki zile mbili niliwapima watu wengine kumi na tisa kwa namna hiyo, na nikajiona nimeiva.

Tarehe 21 Novemba Nadine alirudi. Alikuwa amevaa koti zito la sufu na mkoba mgongoni, bunduki tupu mkononi, kufuli yake ya kufungia chumba cha risasi ameitoa kama tunavyotaka watu wafanye kabla ya kuingia. Alieleza taratibu. Juu ya jabali, akiwa na koti na mkoba, mkanda haukufika kuvuka kifua, kwa hiyo akauning'iniza bega moja. Kufika mahali pa kushika mwamba kwa mikono miwili, ukateleza. Bunduki ilianguka kimo cha mkono tu, lakini darubini ya kulengea ikagonga jiwe, ikapotoka. Kondoo dume alikuwa amesimama hatua mia mbili, anamtazama. Risasi ilipita juu yake.

Kisha akatuonyesha. Aliinua mikono akashika rafu ya viatu, na mkanda ukashuka begani. Hiyo ndiyo sauti ninayoisema.

Mzee Haugstad aliuliza nani alimpima. Nikasema ni mimi, kabla Nadine hajafungua mdomo.

"Mwezi gani?"

"Agosti."

"Basi ulilipima shati," alisema. "Nadine hujampima bado."

Hakusema kwa ukali, na labda ndiyo maana iliniingia. Nadine ndiye aliyenitetea, kwa njia yake. "Na wewe Verlyn ulikuwa wapi? Spokane unakula aiskrimu."

"Nilikula, tena mbili kwa siku. Funga mkoba wako vizuri, acha maneno, zimebaki siku tisa."

Mzee alimrukisha uzio mara tatu. Alimpandisha ngazi ya stoo akiwa na bunduki ya mbao mgongoni, akamwambia ajifanye anamtafuta paka juu ya dari. Mimi nilikuwa nimeshaleta mkanda mrefu wa ngozi, mpana, kwa kuwa niliona kosa ni urefu. Akaurudisha. Alichukua mkanda mwembamba wa turubai, wa kizamani, usio na mto wowote, akauongeza urefu wa ngumi mbili, akashona kipande cha ngozi chenye upande wa kukwaruza mahali pa bega ili kishikane na sufu. Alipomaliza akamvalisha, akatazama, akakifumua kipande kile na kukishona upya karibu zaidi na mgongo. Nilimuuliza alijuaje kwamba kilikuwa mahali pabaya.

"Sikujua," alijibu. "Nilidhani hapa, kumbe pale."

Nilikwenda nyumbani nimechanganyikiwa kuliko siku niliyoanza kazi. Kama alikuwa ana kanuni, nilikuwa nimeivunja na ningeweza kuilipia kwa kuisoma upya. Kama hana, basi mimi nitasimama mezani pale na nini? Asubuhi yake nilimwambia sifai, na kwamba afadhali vipakiti ukutani, kwa maana kipakiti hakimwahidi mtu chochote. Aliendelea kupaka nta uzi wake. Halafu akanisimulia kuhusu Orrin Skaar, mteja ambaye yeye Mzee, katika mwaka wake wa tano mezani, alimshonea mkanda, mshono ukaachia wakati Orrin anavuka mto kwa farasi, na bunduki ya baba yake ikazama isionekane tena. Wiki hiyo Haugstad aliomba arudishwe kupakia magunia. Marehemu baba yake Bi Corinne akamjibu kwamba nafasi ya magunia ina mtu.

Nikamuuliza Orrin alifanya nini.

"Ananunua kwangu mpaka leo. Huja na miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kunishuku."

Nilicheka, lakini sikuona hilo linanijibu nini.

Nadine alirudi tarehe 2 Desemba, msimu umefungwa. Hakupata kondoo. Alipanda siku saba kati ya zile tisa, na hakumwona dume yeyote wa kumpiga. Alimletea Mzee trei ya mikate ya mdalasini, akamwambia, "Mkanda ulikuwa mzuri sana, Verlyn. Nilisahau kama nina bunduki. Kondoo tu ndio hawakutokea." Wakacheka wote wawili. Mimi sikuelewa. Kusahau kulekule kulikomnyima mwalimu mkanda, kwa Nadine kulikuwa sifa ya mkanda. Nilimsindikiza mlangoni nikamwomba radhi kwa mara ya tatu. "Yule wa siku ile alikuwa mzuri, mwanangu," alisema. "Pembe zake zilikuwa zimejikunja mzunguko mzima." Kisha akaenda kuwachukua watoto wa shule. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe, nami sina haki ya kumchagulia.

Nimeombwa nitaje na mafanikio. Mzee Haugstad amefundisha darasa la usalama wa bunduki la wilaya kwa miaka ishirini na tisa, bila hata mwanafunzi wake mmoja kujeruhi mtu. Alishona upya mikanda yote ya gwaride la maveterani baada ya mafuriko. Hajawahi kumuuzia mtu mkanda wa bei ya juu pale ambapo wa bei ya chini ungetosha, jambo ambalo Bi Corinne ameniomba nilitaje na pia ameniomba nisilisisitize. Aliwahi kumfukuza mwindaji kutoka jimbo jingine aliyetaka mkanda wenye rangi ya kofia yake, kisha akamfuata hadi kwenye gari kumwomba arudi, kwa sababu aliona anachechemea na akataka kumwangalia kiatu.

Ijumaa saa sita mchana kutakuwa na maharage ya nyama na mikate ya mdalasini chumba cha nyuma. Msimletee saa ya ukutani, ameomba hivyo yeye mwenyewe. Mzee Haugstad, wenzako wa duka hili wanakushukuru kwa miaka arobaini na mmoja, kwa kahawa uliyowanywesha wakaidi na kwa mishono uliyoifumua kabla mtu hajaumia. Tunakuombea miguu yenye nguvu, majira marefu ya vuli, na samaki wengi katika mto ambao sasa utakuwa na muda wa kuukalia siku nzima.

Bado sijui Mzee huchaguaje mkanda. Nilidhani nisingeweza kutoa jibu kabla ya kujua. Lakini Jumanne nilichukua orodha ya watu kumi na tisa niliowapima Agosti, nikampigia simu kila mmoja, nikamwambia kwamba nilimpima vibaya na kwamba arudi na koti lake, bila malipo, sasa baridi ingali kali. Wawili walinifokea. Mmoja alisema mkanda wake hauna tatizo lolote, naye nimemwomba aje vilevile, kwa kuwa sielewi kwa nini hauna. Nilipokata simu ya mwisho nilipanda juu kwa Bi Corinne, nikamwambia meza isiondolewe, na nikatia sahihi karatasi ya kuichukua.