Safu Niliyoikata kwa Mama Blandine

Mheshimiwa Mkuu wa Komini, Padre wetu, ndugu wachungaji, akina mama wa ushirika, wageni mliotoka mbali na majirani mliotoka nyumba ya pili, na zaidi ya wote wewe Mama Blandine Numbi, ambaye kesho kutwa unaondoka kwenda Kamina kumtunza dada yako: nawasalimu kwa heshima.

Naitwa Germain Kitenge. Nimefanya kazi miaka ishirini na miwili katika machimbo ya chokaa ya Kakontwe, na sijawahi kushika kipaza sauti. Nilipoombwa kumuaga Mama Blandine kwa niaba ya majirani wa Shituru, nilikubali upesi mno. Jana mke wangu Mado akaniuliza, "Utasema yote, ao utasema ya muzuri tu?"

Nitasema yote.

Miaka tisa iliyopita sista mmoja aliyetoka safari alimpa Mama Blandine bahasha ya mbegu za melaleuka, kichaka ambacho wauzaji hukiita mti wa chai, ingawa hakihusiani na chai tunayokunywa asubuhi. Mbegu hizo ni ndogo kama ugoro. Alizimwaga juu ya udongo, akamwagilia kwa kopo, na maji yakazisomba. Nani kati yetu asingeitupa bahasha siku ile? Yeye alichukua karai kuukuu, akalitoboa matundu, akapanda mbegu zilizobaki bila kuzifunika, kisha akaliweka karai ndani ya beseni ili udongo unywe maji kutoka chini. Baada ya wiki tatu alituita tuone. Mimi niliona kijani kidogo tu, nikarudi kula.

Vichaka vilipofika kimo cha kifua, Carlos, fundi wetu wa kuchomelea, alimtengenezea pipa lenye bomba la shaba linalopita katika maji baridi. Majani yanapikwa kwa mvuke, mvuke unapoa bombani, na mafuta yanaelea juu ya maji. Mteja wa kwanza nilikuwa mimi. Ninyi wa machimbo mnajua buti la mpira linavyochubua katikati ya vidole, hata mtu anatembea kama anakanyaga makaa. Mama Blandine alichanganya matone machache na mafuta ya kupikia, akaniambia nipake asubuhi na jioni. Mwezi ule ule nilicheza kwenye arusi ya shemeji yangu.

Lakini mafuta yale tuliyauza na kuyanunua katika chupa tupu za maji ya kunywa. Miaka minne iliyopita, siku ya Alhamisi, binti yetu Princesse, aliyekuwa na miaka minne, aliona chupa mezani, akanywa. Alianza kuyumba kama mlevi, kisha akalegea mikononi mwa mama yake. Tulipofika hospitali Mama Blandine, aliyepashwa habari na majirani, alikuwa amekwisha kututangulia. Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyekuwa amemuuliza. Alimwambia daktari mbele ya watu wote: "Mutoto alikunywa mafuta yangu. Karibu kijiko moja. Miye njo nilitia mu chupa ya kunywa. Kosa ni yangu." Daktari akajua la kufanya.

Ijumaa mchana mtoto alikuwa bado hajaamka. Nilitoka hospitali, nikachukua panga nyumbani, nikaingia katika shamba la Mama Blandine. Nilikata safu nzima, vichaka thelathini na kimoja, nikivishusha hadi karibu na ardhi. Ndiyo, Mheshimiwa. Ni mimi.

Nilipoinua kichwa, yeye alikuwa amesimama kwenye njia. Nilingoja apige kelele. Akaniuliza, "Princesse alifungua macho?"

"Bado."

"Basi rudia kule, Papa Princesse. Usikuwe mbali wakati atalamuka."

Nikarudi. Jioni hiyo mtoto akafungua macho, na Jumamosi akaomba uji.

Jumatatu Mama Blandine akaanza kupita nyumba kwa nyumba na kikapu, akikusanya chupa zake zote, siku kumi na moja kwa miguu. Hakuuza tena hata tone moja kwa mwaka mzima, mpaka alipopata chupa ndogo za kahawia zenye kizibo kigumu na karatasi iliyoandikwa: si ya kunywa, weka mbali na watoto.

Na mimi? Ushirika ulipokutana na majirani kuulizana nani amekata miti, mtu mmoja aliwataja vijana wanaochimba madini Kamatanda: "Ni bale bachimbaji ba Kamatanda, banapita pale kila siku." Mama Blandine akajibu, "Hapana, haiko bo. Jina sitasema." Watu wakadhani anawahurumia tu. Wakapiga kura kufunga njia ya kwenda kisimani inayopita kando ya shamba, na vijana wale wakabeba maji kwa kuzunguka mbali kiangazi kizima. Nilikuwepo mkutanoni. Niliinua mkono pamoja na wengine.

Mwezi wa kumi na mbili, mvua zilipokolea, Mama Blandine alinitumia ujumbe niende shambani. Kila kisiki kilikuwa kimetoa machipukizi sita, nane, hata kumi. Alicheka kwa mshangao. "Siku yote nilikuwa naogopa kukata. Nilikuwa natoa majani ya juu tu." Kisha akanipa kisu, akanifundisha kuchagua chipukizi lisilo laini sana wala gumu sana, urefu wa kiganja, kuondoa majani ya chini, kulichomeka katika mchanga wenye unyevu na kulifunika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa. Katika machipukizi ishirini ya kwanza, sita yaliota mizizi. Leo shamba lina vichaka karibu mia tisa, vyote vinavunwa kwa kukatwa chini, na Mama Orpha anayelipokea anajua kazi hiyo kuliko mimi.

Je, nimsifu kwa mafuta pekee? Ningekuwa mwizi wa sifa zake. Mama huyu alilitaja kosa lake mbele ya umati, na kosa langu akalifunika miaka minne, hata siku moja hakulitumia kunidai kitu.

Ricky, nakuona karibu na mlango, wewe na wenzako wa Kamatanda. Mlibebeshwa kosa langu, nami nikanyamaza. Naomba ushirika uwaombe radhi leo hii. Wewe usisimame, ni mimi nitakayekuja huko nyuma kukupa mkono, na ukikataa kuupokea, una haki.

Mama Blandine, ufike salama, na dada yako apone. Nanyi nyote mliovumilia kunisikiliza mpaka neno la mwisho, nawashukuru sana. Sasa nashuka.