Kanda la Usufi

Zimeni hiyo redio kwanza, ndipo mkae. Msinisimamie mlangoni kama watu waliokuja kudai. Sogeeni, kaeni hapa ukingoni mwa kitanda, godoro hili nimelishona mwenyewe na halitawaangusha. Sauti yangu siku hizi haivuki chumba, na sina ya kupoteza. Wewe kifungua mimba wangu, tia simu mfukoni, vipuri vyako havitaoza dukani. Wewe binti yangu, acha kunifutafuta jasho, kaa kitako usikilize. Mdogo wenu nimemwacha kule chumba cha mbele anachambua sufi. Si kwamba hana haki ya kusikia. Yake nitamwambia yeye mwenyewe, ana kwa ana, na ninyi nina yenu.

Nakufa, wanangu. Mnaguna nini? Daktari kawaambia hapo ukumbini mkadhani sikusikia. Ugonjwa umekula miguu, masikio haujayafikia. Kufa sikuogopi. Baba yenu alikufa, mama yangu alikufa, sitakuwa mimi wa kuvunja utaratibu. Ninachokiogopa ni kimoja tu, na mnakijua: nikishazikwa, gari la ustawi wa jamii lisije likasimama hapo nje likambeba mdogo wenu Taratibu, likampeleka Kituo Kikuu nyuma ya ukuta ule mrefu, mtu mzima mwenye kwao akaitwa kwa namba ya kitanda. Mengine yote nitakayosema leo ni matawi, shina ni hilo.

Tuanze na mali, maana mtu akifa ndugu husikiliza mali kwanza na nasaha baadaye. Shazia zangu, zile sindano ndefu za magodoro, pamoja na cherehani na meza ya kukatia, ni vya binti yangu, ambaye mkono wake nimeufundisha mwenyewe. Nguo zangu gawieni wenye kuzitaka, msiziweke kabatini kuwa kumbukumbu ya nondo. Deni ninaloacha ni moja: jirani yetu wa kona aliniletea kitambaa cha godoro kabla sijaanguka, na sufi yake imo kwenye gunia la mlangoni, lishoneni mlipeleke, asije akalala chini kwa sababu yangu. Na baba yenu mdogo, yule aliyemwambia marehemu mume wangu amwache mtoto hospitalini na aoe mke mwingine mwenye tumbo zuri, mimi nimemsamehe. Aje msibani, ale, alie akitaka. Lakini asisimame kusema kwa niaba ya familia, kwa maana nikimsikia nitaamka.

Nyumba. Nyumba hii, vyumba vya ndani na chumba cha mbele cha kazi, ni ya Taratibu. Hati imeandikwa, hakimu ameipiga muhuri, na wewe binti yangu ndiwe msimamizi wa mambo ya karatasi. Mmeshtuka? Shtukeni, ila msisimame. Haiuzwi wala haiwekwi rehani. Atakayelala humu baada yangu atakuwa mgeni wa Taratibu, na mgeni mwema hamhamishi mwenyeji.

Mnajua kwa nini tunamwita hivyo. Alichelewa kukaa, alichelewa kutembea, maneno yake hadi leo ni yale machache ya kutosha, na kifafa humwangusha anapopenda. Lakini mpe sufi. Anaichukua fungu kwa fungu, anaivuta, anatoa mbegu, anatafuta bonge kwa ncha za vidole mpaka alipate, na hakuna aliyezaliwa wa kumfanya aende mbio. Zamani nilikuwa namgombeza, wateja wananisubiri. Baadaye wateja wenyewe wakawa wanasema, mama, lile alilochambua mwanao ndilo nataka. Nusu ya chakula mlichokula shuleni kilitoka kwenye vidole vile, na hilo sijawahi kuwaambia kwa sababu nilidhani mnaona.

Kisha mkumbuke tulivyofika hapa. Alikuwa akienda karakana ya mchana nyuma ya zahanati. Asubuhi anakwenda, jioni anarudi, dawa anapewa palepale. Wakubwa wakakaa wakaona vikarakana vidogovidogo ni hasara, wakaamua watu wa namna yake wakusanywe mahali pamoja. Sisemi walikaa kwa ubaya. Kwenye karatasi lilikuwa jambo zuri. Kwenye karatasi hata godoro la mawe hulalika. Ikatoka amri kwamba kila mmoja apimwe, anayeweza kuishi na watu abaki kwao, aliye mharibifu apelekwe Kituoni.

Nikampeleka. Tukaingizwa ofisi yenye kochi refu la wageni, yule binti mpimaji akampangia vijiti vya rangi mezani akamwambia achague. Vijiti! Taratibu hakuvitazama hata. Alikuwa amekalia kochi, na kochi lile, Mungu shahidi, lilikuwa na mabonge kama kiazi. Nilimwona anavyojipinda, anapapasa, anakunja uso. Kabla sijamshika, ameshainama, ameng'ata uzi wa mshono kwa meno, ametoa matumbo yote ya kochi la serikali sakafuni na ameanza kuchambua, safi huku, chafu huku. Nikamwambia yule binti, mwanangu, mvumilie kidogo, atalirudisha na utalikalia kwa raha mpaka ustaafu. Hakuvumilia. Akaandika kwamba huyu ni mharibifu wa mali ya umma, akaita mlinzi. Kazi iliyowasomesha ninyi ndiyo iliyomtia mwenzenu hatiani.

Nilirudi ofisi ile hadi mlinzi akawa ananiwekea kiti. Nilirudi na daktari wa zahanati, nilirudi na wateja, nilirudi na godoro kichwani nikawaambia lalieni basi. Mwisho wakachoka wao kabla yangu, wakakubali abaki nyumbani, kwa sharti moja: awepo mlezi aliyetia saini, anayelala naye chini ya paa moja. Mlezi huyo ni mimi. Siku mlezi akifa na hakuna mwingine aliyetia saini, gari linakuja. Mmeona sasa kwa nini sikukubali kufa wiki iliyopita?

Kisha wakaitisha mkutano wa wananchi kutoa maoni, amri ile ifanywe sheria, nikaenda naye, tukakaa safu ya mbele. Walisema wengi siku ile, wenye maduka, wenye dini, wenye miwani, na kila mmoja alianza na hawa watu, hawa watu. Aliyekaa nao hakuulizwa. Aliyesemwa alikuwepo, na neno pekee aliloambiwa siku nzima ni kwamba asogee, ampishe mheshimiwa kiti. Mimi nilipewa kipaza sauti nikasema yangu, ukumbi ukanipigia makofi, na sheria ikapita vilevile ilivyokuja. Basi mjue hivyo, makofi si kura. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kila wakiitisha mkutano mwingine, nendeni, na nendeni naye, na kiti chake asimpishe mtu.

Nipe maji, binti yangu. Kidogo. Hapo hapo.

Sasa nafika pagumu. Redio nayo ikaanza. Asubuhi moja mimi nashona, Taratibu anachambua, mtangazaji anacheka kama yuko harusini, anauliza wasikilizaji: ndugu zetu hawa wakae majumbani au wapelekwe Kituoni? Wakapiga simu. Mmoja akasema wanakula kodi yetu. Mwingine akasema ni laana ya wazazi. Nikasema moyoni, hujafa hujaumbika, endeleeni. Kisha ikaja sauti ya tatu. Ikasema, jina sitaji, nyumbani tunaye mmoja, tunampenda sana, lakini tuwe wakweli jamani, ni mzigo, serikali iwachukue na sisi tupumue.

Usitazame sakafu, kifungua mimba. Nitazame mimi. Sauti ile niliifundisha kusema maji, nikaifundisha kusema mama, nisiitambue kwa kuwa imepita kwenye waya? Na si mimi peke yangu niliyeitambua. Ndugu yako aliacha sufi. Uso ukamkunjuka, akainuka, akaenda kukufungulia mlango. Akasimama pale na mkono kwenye komeo anakungoja uingie. Nikamwambia kaka hayupo, akanionyesha redio kwa kidole, kama kusema, mama nawe, huyo hapo anaongea. Chakula kilipoiva akakuwekea sahani.

Iliniuma. Naisema hivyo hivyo, iliniuma kuliko uchungu wa kuwazaa. Nimekaa nayo kifuani na leo naitoa kwa kuwa siwezi kuzikwa nayo. Sikulaani, na wala usidhani nakuona mbaya kuliko wengine, ulisema yanayosemwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wa kale, na mimi makanda ya usufi nimeyabeba kichwani tangu usichana wangu, nayajua. Ni mepesi kweli, mpaka upepo uvume. Upepo ukivuma kanda linakuyumbisha huku na huku, na aliye kibarazani anakuona anashangaa, kulikoni mwanamke huyu anahemewa na kitu chepesi.

Basi, mlezi. Najua, kifungua mimba, moyoni mwako umeshamteua dada yako, na yeye ameshajiteua, namwona alivyokaza mdomo. Hapana. Binti yangu, wewe hapana. Umemwogesha, umemlisha, umekesha naye, na sasa umekesha nami, na kila mtu anajua ukiombwa utakubali. Ndiyo maana sikuombi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kifungua mimba, wewe utakilalia.

Tulia. Najua utakalosema. Mkeo nimeshazungumza naye, alikubali kabla sijamaliza kueleza, aliuliza tu kama chumba cha nyuma kinaingiza hewa. Chumba cha mbele ulichokuwa ukinililia uweke vipuri, weka nusu, nusu ni ya sufi, na ole wako umwagie godoro la mtu oili. Dawa yake ni baada ya chai ya asubuhi, si kabla. Akianguka mlaze ubavu, ondoa vya kumgonga, usimtie kitu mdomoni, kaa naye mpaka arudi. Dawa zikiisha utaenda kuzifuata huko huko Kituoni walikozihamishia, na ukiambiwa njoo kesho, waambie sawa, nionyesheni pa kulala. Afisa wa ustawi anakuja kesho asubuhi. Nataka akukute humu na begi lako, utie saini nikiwa nakuona.

Siwezi kukulazimisha. Maiti hana bakora. Ukikataa, kataa sasa, machoni pangu, nijue natumiaje pumzi iliyobaki. Usikubali leo ukanigeuka makaburini. Umeinama. Huko ni kukubali au ni kulia? Sema kwa mdomo, si wewe ndiye msemaji, nchi nzima imekusikia...

Tena. Kwa sauti.

Haya. Nimesikia. Binti yangu, umesikia nawe, wewe ni shahidi.

Na ukishakaa naye, ukamwona anavyocheka, ukamwona akianguka, ukachoka kama nilivyochoka mimi, siku ukitaka kupiga simu redioni, piga. Ukiwa bado unaona ni mzigo, sema ni mzigo, sikuzuii. Ila siku hiyo taja jina lako. Na la kwake ulitaje.

Pumzi inakatika... ngoja. Ngojeni. Sijamaliza.

Mungu akupe mgongo, kifungua mimba, mgongo na subira, na mdomo wako huo akufanyie silaha, uende nao kwenye maofisi. Nimekubariki, toka moyoni, bila chembe ya kinyongo. Binti yangu, wewe nakuombea usingizi. Ulale mpaka jua likuchome, pasiwe na mtu wa kukuamsha. Pendaneni. Msigombane juu ya mwenzenu kana kwamba hayupo.

Basi tokeni. Mwiteni aje. Msimwambie mama anasafiri, msimwambie mama anapumzika, msimwambie kitu. Nitamwambia mimi kwamba nakufa. Ni mwanangu kama ninyi, ana haki ya kuambiwa na mama yake.

Kama ana fungu mkononi... mwacheni alimalize kwanza. Msimharakishe.

Nitamngoja.