Nguma wa Nzai, Aliyefungiwa Kambini

Marehemu Nguma wa Nzai, ambaye habari zake nawasomea mimi Florence, mkewe na mama wa watoto wake, kwa kuwa sikutaka zisomwe na katibu wa klabu, alizaliwa tarehe 12 Machi 1935 hapa Magongo, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita, na mwaka 1953 akaajiriwa bandarini kupakia mizigo.

Mwaka 1955 alijiunga na klabu ya mpira ya Nyota ya Magongo, akawa winga wa kushoto, na mwaka 1957 akachaguliwa timu ya Kenya, akacheza Kampala na Zanzibar, na kila aliporudi klabu ilimpokea kwa ngoma, mimi nikampokea kwa maji ya moto ya kukanda goti. Tulifunga ndoa kanisani tarehe 4 Januari 1958, tukajaliwa Kaviha na Nyamvula, wote wakazaliwa baba yao akiwa safarini na timu.

Tarehe 7 Septemba 1961 alichomwa na msumari mazoezini, na wiki iliyofuata klabu ikawafungia wachezaji kambini Kisauni, pamoja na mganga, kungoja fainali ya Jumapili. Ijumaa nilisikia taya zimemkaza hawezi kumeza hata uji, nikaenda na teksi, katibu akanizuia mlangoni, akasema, “Shemeji, mwanamke akivuka hapa dawa imeharibika, na mchezaji akitoka tumeshindwa, wapinzani wamemfunga mdomo tu, mganga atamfungua.” Nikamwambia hiyo ni pepopunda, akacheka, akaniuliza nimekuwa daktari lini.

Jumapili walicheza, wakashinda, ndipo wakampeleka hospitali, naye akafariki Jumanne tarehe 19, akiwa na miaka ishirini na sita.

Nawashukuru madaktari, waliojitahidi ingawa waliletewa mtu aliyekwisha kupinda mgongo, na jirani yangu Mwanarehema, aliyekaa na watoto, na wapakizi wenzake, waliochimba kaburi tangu alfajiri. Klabu siishukuru. Asubuhi wameniomba wabebe jeneza, ati Nguma alikuwa wao kabla hajawa wangu. Litabebwa na wajomba zake na wapakizi, na asiyeridhika arudi kwake.

Katibu, inuka uondoe hilo kombe mliloliweka juu ya jeneza, sisi tunangoja.

Baba Kaviha, pumzika kwa amani.