Sekunde Arobaini za Pascal Mugambi M'Itonga

Ndugu waombolezaji, familia inawasomea maisha ya mpendwa wao, Pascal Mugambi M'Itonga, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Nkubu, Meru, mtoto wa nne wa Mzee M'Itonga M'Arimi na Mama Karimi, wote wametangulia.

Alisoma shule ya msingi Nkubu, 1965 hadi 1971, sekondari mjini Meru, kisha fasihi Nairobi, akahitimu mwaka 1982, ingawa alipenda kusema kwamba hadithi alifundishwa na bibi yake jikoni, ambaye zimwi lake halikuuawa bali lilikaribishwa uji, na ambaye aliweza kunyamaza katikati ya hadithi mpaka watoto wakasikia kuni zikilia.

Tarehe 6 Septemba 1986 alimwoa Katunge Mutiso, muuguzi, wakahamia Toronto mwaka 1991, wakakaa Crescent Town, wakajaliwa binti mmoja, Melissa, mwaka 1994.

Mwaka 1997 aliajiriwa na studio ya hapa kuandika mazungumzo ya Kiingereza ya filamu za katuni za Kijapani. Mwaka 2003 ikaletwa filamu ambayo mtunzi wake, Mjapani, alichukua hadithi ya Ulaya ya msichana na mchawi akaisimulia kwa namna ya kwao, mchawi asishindwe bali apewe chai, na kabla ya chai msichana anatazama mvua ikinyesha kisimani kwa sekunde arobaini, hasemi neno. Pascal alisema hapo ndipo mapokeo mawili yalipopeana mikono. Wakubwa wake walisema mtazamaji wa huku akikutana na kimya atadhani mashine imeharibika, wakamwamuru akijaze, akakataa, wakaandika wenyewe sentensi kumi na moja za msichana kumtisha mchawi, na mwisho wa filamu wakayaweka majina yake, yote matatu, bila kukosea herufi.

Filamu ilipendwa, Melissa akazikariri sentensi zile, waumini wakampongeza Pascal mlangoni mwa kanisa, na kaka yake Silas, anayewasomea haya, alimwandikia kutoka Meru kumsifu kwazo, barua ambayo haikujibiwa. Mei 2004 Pascal aliacha kazi, akapanga mizigo ghalani Brampton hadi 2021, wala hakuandika tena.

Februari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akafariki Ijumaa, tarehe 3 Oktoba, saa nane mchana, Katunge akiwa kando yake.

Chini ya picha yake, katika ratiba mliyoshika, kamati imechapa kwa nia njema sentensi moja ya zile kumi na moja, na kuandika kwamba ni maneno yake. Si maneno yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Crescent Town waliopika siku zote hizi, na wenzake wa ghalani, waliokuja na sare zao za kazi. Studio haikuleta mtu.

Marehemu aliacha ombi moja, sekunde arobaini za kimya, bila pambio, bila sala ya kuongezea, Melissa atashika saa.

Pumzika kwa amani, Mugambi, hizi hazitajazwa.