Mbio za Polepole Pale Gombani

Benchi langu liko nje ya uwanja wa Gombani, upande wa geti la nyuma, na anayelikalia hununua kahawa au huondoka. Uwanja mzima huuoni kutoka pale. Geti likiwa wazi unaona kipande kimoja tu cha njia ya kukimbilia, pale sehemu iliyonyooka ya upande wa pili inapoishia na kona kuanza, upana wake kama chumba cha kupanga. Mtu anatokea, anapita, anapotea. Jumamosi ile baada ya alasiri wateja wangu watatu walikuwa wamekaa wakisubiri fainali ya wasichana, mita elfu moja na mia tano, mashindano ya vijana wa Visiwa. Wa kwanza na wa pili wanakwenda Bara kushindana na nchi nzima; wa tatu anapewa mkono na chupa ya maji. Rahma wa Vitongoji alikuwa mle ndani, na mwakani umri wake wa kuitwa kijana unakwisha. Baba yake, Msellem muuza mikate ya boflo, alikuwa kwangu nje kwa sababu Rahma mwenyewe alimkataza kuingia. Alhamisi kwenye mchujo alipiga makelele kama anafukuza kunguru, na mtoto, ambaye alikuwa anaongoza, akapitwa na wawili mwishoni, akafuzu kwa kuponea chupuchupu. Sote tulisema ni makelele ya baba. Rahma hakukubali wala hakukataa; alimwambia tu abaki nje.

Wengine wawili ni Hudhaifa, tunamwita Pembe, kwa kuwa ng'ombe wa mchezo, wa kuchezwa kwa kitambaa, alimchana mgongo ujanani na mpaka leo hajaacha kutuonesha kovu. Na Zulfiqar mwenye duka la misumari na rangi, tunamwita Mizani, maana hata salamu yako huipima kabla ya kuitika.

Bastola ililia. Tukakodoa macho getini. Wakatokea wote kumi na wawili pamoja, wakapita.

— Hii fainali au wanasindikiza bibi harusi? alisema Pembe.

— Nani yuko mbele? aliuliza Msellem. Alikuwa amefumba macho.

— Yule Laila wa Unguja, nikamwambia. Fumbua macho, wewe mwanamume.

Laila huyo ni mrefu, na Alhamisi, kwenye kundi jingine la mchujo, aliwakimbia wenzake tangu bastola mpaka mwisho. Leo alikuwa mbele lakini anageuza shingo huku na huku, kama mtu anayetafuta wa kumpokea mtoto.

— Mbona haendi? Pembe akauliza. Ana miguu ya ngamia yule.

— Aende wapi? alisema Mizani. Aliye mbele anawavunjia wenzake upepo. Wao wanapumzika nyuma yake, kisha mwishoni wanampita na kumshukuru. Mchujo mtu anataka kufuzu, hajali. Fainali, nani atakubali kuwa ukuta wa wenzake?

— Lakini saa inakwenda!

— Yakhe, saa haipewi medali. Ukishika namba mbili kwa robo saa, umeshika namba mbili.

— Mie nakwambia hawa wanafanya la ng'ombe, alisema Pembe. Ng'ombe mwenye papara ukimtoa tu anavamia kila kitambaa. Mara tatu, mara nne, ulimi nje. Ng'ombe wa kumuogopa ni yule anayesimama akakutazama.

— Ndiye aliyekuchana? nikamuuliza.

— Alinitazama kwanza, Bi Saada. Alinitazama sana.

Wakapita mara ya pili, na safari hii tuliwasikia kabla ya kuwaona. Viatu vyote vilikuwa vinagonga kwa pamoja, tap tap tap, kama mvua inayojifikiria. Hakuna aliyekuwa anahema. Wamebanana bega kwa bega, na nyuso zao hazina kitu, kama za watu wanaosubiri kuitwa hospitali. Nilisimama na dele la kahawa mkononi nikasahau kumimina. Mimi sistaajabu ovyo, lakini watu kumi na wawili wenye uwezo wa kuruka, wote wamejizuia kwa pamoja, inatisha kidogo.

Rahma alikuwa wa tisa, upande wa ndani kabisa.

— Wamemziba! Msellem akaruka. Mbele mtu, kulia mtu, nyuma mtu! Atatokea wapi?

— Kaa, nikamwambia, nikamkalisha kwa bega. Ukipiga kelele hapa nakumwagia.

— Kukaa ndani ni bora, alisema Mizani. Kona moja, wa nje anaongezewa mita tatu nzima. Zidisha kona saba. Yule msichana wa mwisho nje akimaliza atakuwa keshafika Mgogoni.

— Hesabu ya duka hiyo, alisema Pembe. Mbio ni pumzi. Wanakwenda polepole wasikilizane nani anahema kwa mdomo. Akisikika tu, wanamla.

— Na wa nyuma anavutwa, alisema Mizani, akianza kupanda joto. Ule upepo ukishapasuliwa unarudi nyuma unakuvuta. Ukiwa na watu kumi mbele yako, miguu nusu ni yako nusu ni yao.

— Na ukiwa na watu mia?

— Huhitaji miguu.

— Basi wa mwisho kabisa ndiye atakayeshinda! alisema Pembe, na usoni hana mzaha hata kidogo.

— Na aliyebaki kwao amelala angevunja rekodi, nikasema. Kunyweni kahawa.

Msellem ndiye hakucheka. Alikishika kikombe kwa mikono miwili.

— Rahma anajua kukaa nyuma, alisema. Miaka mitatu huyu anakimbia nyuma ya baiskeli yangu. Kila asubuhi nikitoka Chake na matenga ya boflo, yeye yu nyuma ya gurudumu hatua mbili. Hazidi, hapungui. Upepo naukata mie. Tukifika nguzo ya mwisho ya umeme, mita mia mbili kufika nyumbani, napiga kengele ya baiskeli. Akisikia kengele ile, Bi Saada, ananiacha kama mie ndiye nguzo.

— Nani alikufundisha hayo? aliuliza Pembe.

— Nani anifundishe? Akili yangu mwenyewe.

Wakapita mara ya tatu. Mwendo ulikuwa umebadilika. Si kwamba wamekuwa na kasi sana, bali ile tap tap imevunjika, kila mmoja sasa ana mguu wake. Na Rahma alikuwa wa sita, upande wa nje, mbele yake peupe. Alitokaje mle ndani hakuna aliyeona, wala hakuna aliyesukumwa.

— Umeona! Msellem akanishika mkono. Umeona mtoto!

Mizani aliweka kikombe chini. Aliweka taratibu sana.

— Msellem, alisema. Mzunguko wa mwisho mule ndani wanapiga kengele.

— Ndiyo. Kwani vipi?

— Inapigwa ikibaki mita ngapi?

Msellem akafungua mdomo. Pembe ndiye aliyejibu.

— Mia nne. Mzunguko mzima.

Nimeona watu wakipewa habari za msiba wakabaki na rangi usoni kuliko Msellem.

— Mashindano ya shule huku kwetu ni filimbi, alisema. Hakuna kengele. Mie sikuwahi... Alhamisi ndiyo mara yake ya kwanza kusikia kengele uwanjani.

— Na Alhamisi alikuwa wa ngapi kengele ilipolia? aliuliza Mizani.

— Wa tano. Ikalia, akatoka, akawapita wote. Kisha...

— Kisha akaishiwa.

— Kumbe hayakuwa makelele yangu, alisema Msellem. Ni kengele yangu. Miguu yake ina mia mbili tu. Mie ndiye niliyeipa mia mbili.

Na hapo hapo, ng'a ng'a ng'a ng'a, kengele ya Gombani.

Uwanja ukapiga ukelele. Msellem alikaa chini kwenye vumbi, pembeni ya benchi, mtu mzima na kanzu yake. Hakuna aliyemnyanyua. Pembe alikuwa amesimama anaangalia geti, na Mizani anasogeza midomo bila sauti, sijui anahesabu, sijui anasoma. Kutoka kengele mpaka wafike kwetu ni nusu mzunguko. Nikwambie, msomaji, nusu mzunguko ni mrefu.

Akatokea Laila, mbio kwelikweli, ile miguu ya ngamia sasa imefunguliwa. Mita kumi nyuma yake msichana wa Wete, na mwengine wa Unguja, wameshakunja shingo. Hatua mbili nyuma ya huyo wa tatu, hatua mbili zile zile, hazidi, hapungui, Rahma.

— Hajatoka! alisema Mizani. Msellem, hajatoka!

Mikono yake ilikuwa imelegea, na uso wake kama wa mtu anayekwenda kisimani. Kisha, pale pale mbele ya geti, akatoka. Sijui nilielezeje. Hakukaza meno, hakutupa kichwa. Alikuwa katika mwendo wa wenzake, na hatua iliyofuata hakuwa katika mwendo wao tena. Alimpita yule wa tatu kwa upande wa nje kabla kona haijaanza, na msichana wa watu akageuka kumtazama, kama mtu aliyeguswa bega na asiyemjua. Kona ikawameza.

Tukabaki na geti tupu. Kelele za mle ndani zilipanda mpaka spika ya mtangazaji ikawa inakoroma tu. Mimi nilijikuta nimemimina kahawa juu ya meza.

Mlinzi wa geti ndiye aliyetugeukia. Ananunua kwangu kila siku, anamjua Msellem. Aliinua vidole viwili.

— Wa pili! Kifua kwa kifua na Laila! Mita tano zaidi angempita!

Basi hapo ndipo benchi likarudi uhai. Pembe alisema yeye alishasema, ng'ombe anayetazama. Mizani alisema ni upepo, Rahma alivutwa mpaka kona ya mwisho. Msellem alijikung'uta vumbi, akainuka, akakaa, akainuka.

Baadaye akaja mama mmoja mwenye suti ya michezo na saa shingoni, lafudhi yake ya Bara. Alisalimia vizuri, akaomba kahawa, akauliza baba yake Rahma ni yupi. Wote watatu walitaka kumjibu.

— Mimi ndiye nitakayekuwa nao Bara, alisema. Nina swali dogo tu. Alhamisi kengele ilipolia, mtoto aliondoka nayo, akafa njiani. Leo imelia, ameiacha ipite. Watu wazima wanakaa mwaka mzima kujifunza kitu hicho. Yeye alikuwa na siku moja, jana. Nani alimrekebisha?

Pembe alimtazama Mizani. Mizani akatazama kikombe chake.

— Nimemuuliza mwenyewe, amecheka tu, alisema yule mama. Jana alikimbia na nani?

— Na mie, alisema Msellem.

— Ukamwambia nini?

Msellem alijikung'uta kanzu tena.

— Jana tulipofika nguzo ya mwisho nilipiga kengele kama siku zote. Hakunipita. Nikapiga tena. Akabaki nyuma yangu, hatua mbili, mpaka karibu na mlango wa nyumba, ndipo akanipita kama risasi. Nikajua ameingiwa na uvivu. Nilimtukana, mama. Nilimtukana mbele ya majirani.

— Na yeye akasema nini?

— Alikwenda kuwafungulia kuku.