Aliyetuandika Kuwa wa Hapa

Huyu mama yangu tunayemzika leo, ambaye mji mzima ulimwita Bibi Wino, alizaliwa kisiwani hapa tarehe 3 Juni 1944, nyumba ya tatu nyuma ya soko, mtoto wa pili wa fundi viatu na dobi. Bibi yake mzaa mama aliletwa na meli ya vibarua wa mashamba akiwa mtoto wa kubebwa, na hakuna aliyejali kuandika alikotoka. Kwa hiyo kwenye cheti cha kuzaliwa cha Mama, mbele ya neno Asili, karani wa kikoloni aliandika: Haijulikani.

Neno hilo lilimkaa rohoni. Alisoma hadi kumaliza sekondari mwaka 1962, na kila fomu ilimtaka alinakili tena. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mno. Wenzake walimtania kwamba hata orodha ya wachelewaji, akiandika yeye, mtu anatamani awemo.

Mwaka 1963 aliajiriwa ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo, chumba cha madirisha mawili na meza inayoyumba. Miaka miwili baadaye bendera ya wakoloni ikashushwa, lakini daftari lao likabaki lilelile. Safu ya Asili ilitaka uchague mojawapo ya nchi nne za ng'ambo, au Haijulikani. Siku ya kwanza ya kazi baada ya uhuru alipokea mtoto wa muuza mkaa, akaandika: Hapa. Akaendelea hivyo wiki nzima, hadi mkuu wa ofisi alipomwita.

"Hapa si asili," alisema mkuu.

"Mtoto kazaliwa wapi, mzee?"

"Wodi namba mbili."

"Basi mimi sina pengine pa kumpeleka."

Aliambiwa afute. Hakufuta. Akahamishiwa stoo ya mafaili miaka mitatu, akala vumbi mpaka kifua kikaharibika. Aliporudishwa mezani, aliandika neno lilelile. Hadi anastaafu mwaka 1999 alikuwa amejaza madaftari arobaini na moja. Mimi binti yake nimeyaona yamejipanga kwenye rafu. Karibu nchi nzima imo mle, kwa mkono wa mtu aliyekuwa akinituma chumvi dukani.

Tarehe 12 Septemba 1970 aliolewa na fundi saa, aliyekuja kuandikisha mtoto wa dada yake, kisha akarudi mara tatu kufuata mwavuli aliousahau. Ilikuwa kiangazi.

Kifua kilimzidi mwaka 2021. Januari mwaka huu wa 2024 alilazwa. Kufa hakukumtisha, fomu ndiyo ilimtisha. "Mwanangu," aliniambia, "kwenye cheti cha mwisho wasije wakaniandika tena Haijulikani." Alituaga Jumanne, tarehe 6 Februari, saa nne asubuhi.

Kesho yake nilikwenda kwenye ofisi ileile. Karani, mwanamume wa makamo, aliniuliza jina, umri na maradhi. Alipofika kwenye Asili akaandika bila kuinua kichwa.

"Mbona hiyo hujaniuliza?"

"Dada, mwandiko wa mama yenu ndio uliopo kwenye cheti changu. Nikuulize nini tena?"

Akanigeuzia karatasi. Alikuwa ameandika: Hapa.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja, na wote waliomo katika yale madaftari arobaini na moja. Apumzike kwa amani, hapa, kwao.