Anayengoja Ila

Foleni ya feri ya Likoni haikuwa imesonga tangu asubuhi, na Mzee Mwinyihaji, miguu ikimuwaka moto, alikuwa amechoka hata kulalamika. Akabaki kusikiliza maneno ya watu.

Mbele yake dada mmoja alikuwa akikariri misemo ya Kiingereza kutoka kwenye daftari. Jirani yake, mwanamume aliyevaa sare ya hoteli, alimuuliza amekwama wapi.

"Hapa pa kuulizwa waendeleaje," alisema dada. "Jana kazini hotelini mgeni kaniuliza. Nikamwambia njema, ila mama yu kitandani mwezi wa pili. Kufika kwenye ila, keshapita. Na meneja kashanionya mara mbili, ati nawachosha wageni."

"Jibu ni neno moja, dada. Ile ni salamu tu."

"Na sisi si twaanza na njema, hata matangani? Lakini aliyeuliza hungoja ila."

"Ngoja ngoja yako itakukosesha kazi, wallahi."

Lango likafunguliwa, watu wakaanza kusukumana.

"Haya, habari ya mama leo?" mwanamume aliuliza huku akibeba mkoba wake.

"Njema," alisema dada.

Mwanamume alikuwa keshatangulia. Mzee Mwinyihaji, ambaye hakuna aliyemuuliza lolote, akasimama kando ya dada.

"Ila?"